Sura ya Saba: Mafuta Yaliyo Chini ya Ngozi

"Ami, nikinyonywa mafuta ya tumbo, nitapungua kilo ngapi?"

Swali hili niliulizwa na binti wa ndugu yangu jioni moja barazani, mikono kaikunja juu ya tumbo kama mtu anayesitiri kitu, na kwa kuwa tangu siku ile nimelisikia tena na tena, kwa mabibi harusi watarajiwa na kwa akina mama waliokwisha kuzaa mara nne, kwa wanaume wenye vitambi na kwa vijana ambao kwa macho yangu hawakuwa na mafuta ya kujaza kikombe, nimeona ni haki yake kufungua sura hii. Jibu ni kwamba atapungua kilo chache mno, aghalabu mbili au tatu, na huenda mizani isione tofauti yoyote kwa wiki kadhaa, kwa sababu mwili uliojeruhiwa huvimba, na maji hukaa pale palipokuwa na mafuta. Anayekwenda kwa mpasuaji kutafuta kupungua uzito amebisha mlango usio wake. Mlango ule ni wa umbo, na tofauti ya umbo na uzito ndiyo inayowapita wengi kabla hawajatoa fedha zao.

Sina nia ya kumkataza mtu. Kupenda uzuri ni maumbile ya binadamu, na bibi zetu waliojifunga mkaja, kile kitambaa kirefu cha kubana tumbo, muda wote wa arobaini ya uzazi, walikuwa wakiliangalia umbo lao vilevile. Ninalotaka ni kwamba anayelala kitandani mwa mpasuaji alale akijua, na hasa ajue jambo moja ambalo matangazo hayalitaji: kwamba hatari nyingi kubwa za upasuaji huu hazionekani mtu akiwa bado mezani, humfuata nyumbani, zikamkuta usiku wa kwanza, au siku ya pili, au ya tatu, ilhali waliompasua wamekwisha kunawa mikono.

Mafuta ya namna mbili

Mwilini mwetu mna mafuta ya namna mbili, na asiyeyatofautisha hawezi kuelewa lolote katika jambo hili. Ya kwanza hukaa chini ya ngozi, juu ya misuli. Ukilibana tumbo au paja kwa vidole, unachokishika ndicho hicho, na vijana wa mjini wamekipa jina la nyama uzembe. Ya pili hukaa ndani, nyuma ya ukuta wa misuli, yakizunguka matumbo na ini. Mtu mwenye kitambi kigumu kama ngoma, ambacho vidole haviwezi kukikunja, ghalibu shehena yake iko huko ndani, na hakuna mrija wa mpasuaji unaofika huko wala unaoruhusiwa kufika.

Nilimsindikiza binti yule na mama yake kwa tabibu, mwanamke wa makamo aliyesomea upasuaji rekebishi, yaani upasuaji wa kuunda upya au kurekebisha sehemu za mwili. Wao waliingia nyuma ya pazia, nami nikabaki nje, nikisikia. "Hapa pana mafuta ya kushikika, mwanangu, haya ninaweza kuyapunguza," alisema tabibu. Kisha akamwambia ainue kichwa pasipo kuinua mabega. "Na hapa katikati, misuli imeachana kwa uzazi. Hiyo mrija hauirudishi. Ni kazi ya kushona, na ni upasuaji mwingine kabisa." Binti alikuwa amesikia kwa mashoga zake kwamba vyote viwili hutibiwa kwa mara moja, kwa saa moja, na kwamba jioni mtu huenda harusini.

Kuna ithibati ya wazi kwamba kunyonya mafuta hakuleti siha. Katika uchunguzi mmoja uliotangazwa Marekani mwaka 2004, wanawake 15 wenye unene wa kupindukia walinyonywa mafuta ya tumbo karibu kilo 10 kila mmoja, kiasi kikubwa mno ambacho si cha kawaida hata kidogo. Miezi mitatu hivi baadaye walipopimwa, sukari yao, shinikizo lao la damu na mafuta ya damuni vilikuwa pale pale. Lau wangalipunguza kilo hizo kwa chakula na mazoezi, vipimo vingalitarajiwa kushuka, kwa maana anayepungua kwa njia hiyo hupungua mwili mzima, hata huko ndani kunakodhuru, na aliyenyonywa hupungua mahali pamoja tu. Kwa hiyo mwenye kisukari au presha asidhani kwamba mrija utampunguzia vidonge.

Kisha kuna ngozi. Mto uliotolewa nusu ya pamba hubaki na foronya ile ile, nayo hukunjamana. Ngozi ya kijana hurudi yenyewe baada ya mafuta kutoka. Ngozi iliyovutwa na mimba nyingi au na unene wa miaka mingi, yenye michirizi na ulegevu, huenda ikaning'inia zaidi ya ilivyokuwa.

*Kwa ufupi:* yanayotolewa ni mafuta ya chini ya ngozi tu. Uzito, kisukari, presha, misuli iliyoachana na ngozi iliyolegea vina tiba zake nyingine.

Mrija ulivyopatikana

Tamaa ya kuondoa mafuta kwa mkono wa tabibu ni ya zamani kuliko maarifa yake. Katika miaka ya 1920 huko Ufaransa, tabibu Charles Dujarier alijaribu kumkwangua mafuta mguuni mwanamke mmoja mcheza dansi aliyetaka miguu ya kupendeza zaidi. Mguu ukaoza, ukakatwa, na watu wakaogopa kazi hiyo kwa nusu karne. Katika miaka ya 1970 Arpad Fischer na mwanawe Giorgio, wa Roma, walibuni chombo cha kukata na kunyonya kwa pamoja, na baada yao Mfaransa Yves-Gérard Illouz akatumia mrija wenye ncha butu, ambao hupita kati ya mishipa ya damu na neva badala ya kuikata.

Hata hivyo damu ilikuwa bado nyingi. Katika yale yaliyonyonywa, robo au theluthi, na pengine zaidi, yalikuwa damu tupu, na wagonjwa waliongezewa damu ya watu wengine kwa ajili ya urembo. Katikati ya miaka ya 1980 tabibu wa ngozi wa California, Jeffrey Klein, aliona kwamba ukijaza kwanza chini ya ngozi maji mengi ya chumvi yaliyochanganywa na dawa ya ganzi iitwayo lidokeini, ambayo hospitalini kwetu wengi huiita lignokeini, pamoja na adrenalini inayoifinya mishipa, damu hupungua hata ikawa sehemu moja tu katika mia. Karibu kila anayenyonywa mafuta leo hupitishwa katika njia hiyo au tawi lake.

Siku yenyewe

Mgonjwa husimama, naye mpasuaji humchora kwa kalamu, mviringo ndani ya mviringo, mfano wa fundi cherehani anayetia chaki kitambaa kabla ya mkasi. Husimamishwa kwa kuwa akilala mafuta hutawanyika na mchoro hudanganya. Akishatiwa ganzi, au nusukaputi ambayo ni dawa ya kulaza usingizi mzito, hutobolewa matundu madogo, na yale maji huingizwa hata ngozi ikatuna na kuwa ngumu kama dafu. Hungojwa kitambo dawa ishike. Kisha mrija huingia, upana wake milimita chache tu, na mkono wa mpasuaji huenda na kurudi, huenda na kurudi, mara mamia, mkono mwingine ukiwa juu ya ngozi kuihisi ncha ilipo. Mkono huo wa pili ndio wenye elimu. Ukikosea, ncha hupotea.

Yanayotoka hukusanyika katika chupa yenye alama za vipimo, na baada ya muda hujitenga: juu mafuta ya manjano, mfano wa samli, chini maji mekundu. Kwa hiyo mtu akiambiwa "umetolewa lita nne," ajue kwamba si lita nne za mafuta. Na wapasuaji wameweka mpaka wa kuheshimiwa: yakizidi lita 5 kwa jumla, kazi hiyo ni kubwa, ifanywe hospitalini na mgonjwa alale huko chini ya uangalizi, kwa sababu maji ya mwili yametikiswa na moyo unaweza kuelemewa. Anayejisifu kwamba hutoa lita nane na kumrudisha mtu nyumbani jioni, anajisifu kwa kosa.

Yanayoharibika, na saa yake

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo palipo na uzito wa sura hii.

Anza na ganzi yenyewe. Lidokeini iliyochanganywa katika maji yale ni nyingi. Katika njia ya Klein kiwango kilichopendekezwa kilikuwa miligramu 35 kwa kila kilo ya uzito wa mtu, ilhali ganzi ya kawaida yenye adrenalini haivuki 7. Inawezekana kwa sababu dawa hukaa ndani ya mafuta na kuingia damuni polepole. Walakini polepole maana yake ni kwamba kilele hufika baada ya saa kumi na mbili hivi: aliyepasuliwa saa tatu asubuhi, kilele chake ni saa tatu usiku. Dawa ikizidi, mdomo na ulimi hufa ganzi, masikio huvuma, kichwa huzunguka, mtu huropoka. Kisha huja degedege, na moyo waweza kusimama. Ndugu aliyekaa naye akidhani ni uchovu, saa ya kumwokoa hupita.

Pili, damu kuganda mguuni na kipande chake kusafiri hadi mapafuni. Mwaka 2000 wapasuaji wa Marekani walipokusanya habari za vifo vilivyotokana na kunyonya mafuta, walikuta takriban kifo kimoja katika kila watu 5,000, na sababu iliyotangulia nyingine zote ilikuwa hii. Huja siku chache au wiki kadhaa baadaye: pumzi kukata ghafla, kifua kuchoma, mguu mmoja kuvimba na kuuma. Chembe za mafuta nazo zaweza kuingia damuni na kuziba mapafu, aghalabu katika siku tatu za mwanzo, na mgonjwa huhema na kuchanganyikiwa.

Tatu, ncha kupotea. Stella Obasanjo, mke wa Rais wa Nigeria wa wakati huo, alifariki tarehe 23 Oktoba 2005, siku mbili baada ya kupasuliwa huko Marbella, Hispania. Mrija uliingia ndani ya tumbo, ukatoboa utumbo na kujeruhi ini, na mwaka 2009 mahakama ya huko ilimtia tabibu hatiani kwa uzembe. Nafikiri sana juu ya zile siku mbili. Utumbo uliotobolewa haupigi kelele mara moja. Tumbo lililonyonywa linauma hata hivyo, limebanwa na nguo, na kila mtu hutarajia maumivu. Alama yake ni maumivu yanayozidi pale ambapo yangepaswa kupungua, homa, kutapika, na tumbo kukakamaa. Wala si mambo ya ng'ambo tu: mwezi Oktoba 2024 jijini Nairobi mwanamke mmoja alifariki siku kadhaa baada ya upasuaji wa namna hii, na baraza la madaktari likaamuru kliniki ifungwe.

Mengine hayaui lakini huumiza moyo: mabonde na vilima juu ya ngozi, upande mmoja kutolingana na mwingine, ganzi ya miezi, maji kukusanyika chini ya ngozi, na kwa wengi wetu wenye ngozi nyeusi, alama nyeusi za matundu au makovu yanayovimba yaitwayo keloidi.

Mafuta yanayopelekwa makalioni

Siku hizi wengi hawaombi mafuta yatolewe tu; huomba yapelekwe nyuma. Ndani ya makalio mna mishipa mikubwa ya damu, na mafuta yakisukumwa ndani ya msuli na mshipa ukiwa umejeruhiwa, huvutwa moja kwa moja hadi moyoni na mapafuni, na mtu hufa mezani au saa chache baadaye. Baada ya kuhesabu vifo, kikosi cha wapasuaji wa nchi mbalimbali kilikadiria kwamba huenda ni kimoja kwa kila watu 3,000. Mwaka 2018 chama cha wapasuaji wa urembo wa Uingereza kikawashauri wanachama wake waache kazi hiyo, na mwaka 2022 jimbo la Florida likaweka kikomo cha watu watatu kwa siku kwa kila mpasuaji, baada ya kliniki nyingine kupasua kama wachinjao kuku wa harusi. Tangu hapo mafundisho ni kwamba mafuta yawekwe juu ya msuli peke yake, na ncha ionekane kwa ultrasaundi wakati wote. Anayetaka kufanya hivi amwulize tabibu wake mambo hayo mawili, na akijibiwa kwa kicheko aondoke. Mimi binafsi, ndugu yangu akiniomba ushauri, nitamwomba asifanye.

Nani angoje, nani aache

- Mjamzito na anayenyonyesha. Aliyejifungua angoje angalau miezi sita, mwili urudi katika hali yake.
- Mwenye ugonjwa wa moyo, ini au figo, kisukari kisichotulia, au aliyewahi kuganda damu.
- Mwenye selimundu, ambaye baridi ya chumba cha upasuaji, upungufu wa maji na dawa ya usingizi vyaweza kumwamshia maumivu makali. Na wengine hawajui hali yao mpaka wapimwe.
- Mvuta sigara au shisha, hadi aache kwa wiki nne au zaidi, kwa maana ngozi yake hukosa damu ya kuponea.
- Anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango, aspirini, dawa za kuyeyusha damu, au hata vidonge vya kitunguu saumu. Aseme vyote, asione haya, wala asiache dawa kwa shauri lake mwenyewe.
- Anayefanya kwa kumridhisha mume, mchumba au mashoga. Tabibu yule alimtoa nje kwanza mama wa binti, ndipo akamuuliza binti: "Hili ni lako, au ni la mtu?"

Kinyume chake kuna wanaonufaika kwa namna ambayo haina uhusiano na kioo. Wako wanawake wenye maradhi yaitwayo lipedema, ambayo hujaza miguu yote miwili mafuta yenye kuuma yasiyopungua kwa chakula, nyayo zikabaki nyembamba. Hao huchekwa kuwa ni walafi, na kumbe mrija huwapa faraja ya kutembea.

Maswali ya kumuuliza tabibu

Jina lake limo katika daftari la baraza la madaktari? Tanzania Bara kuna Baraza la Madaktari Tanganyika, Kenya kuna Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, na daftari zao zinaweza kuangaliwa na mtu yeyote. Lakini kuwa daktari hakutoshi. Uliza kama amesomea upasuaji rekebishi, maana cheti cha semina ya siku tatu kinaning'inia ukutani sawasawa na shahada ya miaka. Nani atatia nusukaputi, naye atakuwapo hadi niamke? Chumba kina oksijeni na mashine ya kushtua moyo? Nikiharibikiwa, nitapelekwa hospitali gani yenye wodi ya wagonjwa mahututi, na kwa gari la nani?

Na swali lililo kubwa kuliko yote: nikipiga simu saa nane za usiku, nani atapokea? Watu huuliza bei, huuliza lita, huomba picha za kabla na baada. Ukipewa namba ya dawati la mapokezi linalofungwa saa kumi na moja jioni, umepewa jibu.

Je, mafuta hurudi?

Chembechembe zilizotolewa hazioti tena pale pale kwa urahisi, lakini zilizobaki hunenepa mtu akila kama zamani, na mwili una hila zake. Wanawake walionyonywa mapaja katika uchunguzi mmoja wa Colorado uliotangazwa mwaka 2011 walikuwa wamerudishiwa mafuta yote ndani ya mwaka mmoja, yakahamia hasa tumboni. Umbo jipya hulindwa na yale yale ambayo wengi hukimbilia mrija ili wayaepuke.

Uvimbe huisha polepole. Nguo ya kubana huvaliwa wiki nne hadi sita, na umbo la kweli huonekana baada ya miezi mitatu hadi sita. Anayetaka kupendeza harusini mwezi ujao amechelewa.

Usiku wa kwanza

Binti wa ndugu yangu aliamua kufanya, baada ya miezi minne ya kufikiri. Alitolewa lita mbili pungufu, akaruhusiwa jioni, tukamlaza katika nyumba ya jamaa iliyo mwendo wa dakika kumi kutoka hospitali, nami nikajitandikia sebuleni. Ukutani shemeji, mama yake binti, alibandika karatasi yenye alama za hatari kwa maandishi makubwa: pumzi, kifua, homa, kuropoka, mguu mmoja, maumivu yanayozidi.

Saa tisa za usiku shemeji alinigongea. Shuka ilikuwa imelowa maji ya wekundu mwepesi, rangi ya rozela iliyotiwa maji mengi. Tulikuwa tumeambiwa kwamba maji hutiririka kutoka matunduni siku moja au mbili, na kwamba ni heri yatoke, ila kuambiwa mchana ni kitu kimoja, na kuona usiku ni kingine. Nikapiga simu. Tabibu alipokea mlio wa pili.

"Mmeona rangi gani? Mepesi? Basi ndiyo yale yale. Asimame polepole, atembee hadi mlangoni na kurudi, kisha mniambie anavyopumua."

Akatembea, mkono mmoja begani kwa mama yake, mwingine ukishika ile nguo ya kubana aliyoifunika kwa kanga. Alipumua vizuri. Alirudi kitandani akasema ana kiu, na shemeji akamnywesha maji, naye tabibu hakukata simu hadi aliposikia amemaliza bilauri nzima.